Kuchagua lethi iliyotumika kwa karakana ndogo: ukubwa, umeme na ukaguzi kabla ya kulipa

Wanunuzi wengi wa lethi, yaani mashine ya kukereza chuma, huuliza kwanza urefu wa mashine, kisha nguvu ya mota, kisha bei. Kwa karakana ya mtaani inayotengeneza pini, bushi, shafti na puli, swali la kwanza linapaswa kuwa hili: tundu la spindo, yaani mhimili wenye uwazi unaozungusha kazi, lina milimita ngapi? Shafti ya mashine ya kusaga unga yenye inchi mbili ni milimita 50.8. Ukiwa na spindo ya tundu la 38, shafti hiyo haipiti ndani. Italazimu ining'inie yote nje ya chaki, yaani kishikio chenye taya kinachobana kazi, ishikwe na mkia (kiegemeo cha ncha ya pili) au stedi (kiegemeo cha katikati), na kazi ya nusu saa iwe ya asubuhi nzima. Tundu la 52 linaimeza, na unakereza ncha tu huku sehemu kubwa imelala ndani ya kichwa cha mashine. Mota inabadilishwa. Tundu la spindo halipanuliwi.

Kwa hiyo andika kwanza kazi zinazoingia mlangoni kwako. Pini za lori na bushi za bajaji hazihitaji mashine kubwa. Ngoma za breki ni habari nyingine: hata ngoma ya pikapu hupita milimita 300 kwa nje, na ya lori hupita 400. Shafti za pampu za umwagiliaji zinataka urefu. Mabomba ya kisima na viungio vyake vinataka hesi (nyuzi za kufungia) za bomba: nyuzi 14 kwa inchi kwa bomba la nusu inchi na robo tatu, nyuzi 11 kwa bomba la inchi moja na kuendelea. Mashine isiyokata 11 na 14 itakufukuzia wateja wa maji wote.

Ukubwa ulioandikwa na ukubwa halisi

Katalogi hutaja kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya reli, yaani kitanda cha mashine. Mashine za Uingereza za zamani mara nyingi hutaja kimo cha senta, yaani nusu ya kipenyo hicho, kwa hiyo mashine ya "inchi sita na nusu" inazungusha kitu cha inchi 13. Usikatae mashine nzuri kwa kusoma namba vibaya.

Kipimo kinachosahaulika ni kile cha juu ya toroli, yaani sehemu inayobeba kisu. Chukua CA6140 ya Kichina, mashine iliyoenea sana katika karakana na vyuo: juu ya reli inazungusha milimita 400, lakini juu ya toroli ni 210 tu. Shafti au silinda ndefu yenye kipenyo cha 250 haitakerezwa hapo kwa urefu wake, ingawa kwenye karatasi inaonekana inatosha kwa raha. Kitu chembamba kama ngoma au puli kinaweza kukerezwa kwa sababu toroli hubaki kulia kwake. Baadhi ya mashine zina pengo karibu na chaki, kipande cha reli kinachofunguliwa ili ngoma kubwa ipite. Pengo ni msaada mkubwa kwa kazi za breki, lakini angalia kama kipande chake bado kipo. Kikipotea, toroli halina pa kukanyaga karibu na chaki, na kukipata cha kulingana na reli ile ni vigumu.

Kwa kazi mchanganyiko za mtaani, mashine yenye 330 hadi 400 juu ya reli, urefu wa 750 hadi 1000 kati ya senta ya kichwa na ya mkia, na tundu lisilopungua 38, ikiwezekana 52, ndiyo ya kutafutwa. Vilethi vipya vya mezani vya kilo 40 hivi, vyenye tundu la milimita 20, ni vizuri kwa vipuri vidogo vya cherehani na vifaa vya maabara. Kwa karakana ya kulisha familia havitoshi: ukikata chuma milimita moja tu kwa upande vinatetemeka, na mtetemo huo unaharibu sura ya kazi na kuvunja ncha za kabaidi, ambazo ni ngumu lakini hupasuka kirahisi. Kwa fedha inayolingana, mashine nzito iliyotumika lakini iliyopimwa vizuri itakuhudumia zaidi.

Spidi ya chini ni muhimu kuliko ya juu

Muuzaji atakuonyesha spidi ya juu kwa sababu inasikika vizuri. Wewe muulize ya chini kabisa. Hesabu ni rahisi: zidisha kasi ya ukataji, kwa mita kwa dakika, mara 318, kisha gawa kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Kisu cha hai spidi, yaani cha chuma kigumu kinachonolewa, kwenye chuma laini huenda mita 25 hadi 30 kwa dakika. Shafti ya milimita 30 kwa mita 30 inataka mizunguko 318. Ngoma ya breki ya milimita 320, chuma cha kusubu, kwa mita 20, inataka mizunguko 20. Mashine ambayo spidi yake ya chini ni 70 itachoma ncha ya kisu cha hai spidi kabla hujafika nusu ya ngoma. Hapo utalazimika kutumia kabaidi, ambayo kwenye chuma cha kusubu inavumilia mita 60 hadi 80.

Kadhalika hesi. Kukata hesi hadi ukingoni mwa bega, kwa mkono wa fundi wa kawaida, kunataka mizunguko 50 hadi 80, la sivyo kisu kinagonga bega kabla hujafungua nusu nati, yaani nati inayobana skrubu ndefu ili toroli livutwe.

Umeme

Hapa ndipo watu wengi hununua chuma cha kupamba ua. Soma kibati cha mota kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na kipige picha.

Lethi nyingi za maana ni za fezi tatu. Kama nyumba au fremu yako ina fezi moja, una njia mbili: kuomba fezi tatu, au kuweka invata inayopokea volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu. Invata za aina hiyo hupatikana kwa urahisi hadi kilowati 2.2, yaani nguvu farasi tatu. Mota ya CA6140 ni kilowati 7.5, kwa hiyo usiinunue kwa matumaini ya fezi moja.

Sharti kubwa ni hili: invata inayopokea 230 hutoa fezi tatu za 230, haitoi 400. Kibati kikiandika 230/400 na alama za pembetatu na nyota, mota hiyo inafaa: unafungua kisanduku cha nyaya, unahamisha vibati vitatu vya kuunganishia nyaya kutoka mpangilio wa nyota kwenda pembetatu, na imekuwa mota ya 230. Kibati kikiandika 400/690, au 400 peke yake, haiwezekani kwa kuhamisha vibati. Ukiikuta yenye nyaya tatu tu zinazotoka na kibati kinaonyesha nyota, fundi wa kufunga mota anaweza kuifungua na kuichimbua ile sehemu nyaya zinapokutana ndani, akatoa ncha sita nje. Mota za spidi mbili huwa hazina njia hiyo. Badilisha mota nzima na uweke gharama hiyo kwenye bei unayojadili.

Mashine za Japani ni suala lake: mota zake nyingi ni fezi tatu za volti 200. Ukiziunganisha moja kwa moja kwenye 400 zinaungua papo hapo. Kwa invata ya fezi moja zinakaa vizuri kabisa, mradi ukiweka volti ya juu ya kutoka kuwa 200 badala ya 230. Mashine ya masoko ya hertsi 60 ikiendeshwa kwa 50 inazunguka kwa tano ya sita ya spidi iliyoandikwa: 1,800 inakuwa 1,500. Si tatizo kubwa kwa kukereza, ila volti yake lazima ilingane.

Invata ya kilowati 2.2 kwenye fezi moja huvuta karibu ampea 20 hadi 24 ikiwa na mzigo kamili. Vuta waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye bodi, weka breka ya 32, na usiishirikishe na mashine ya kuchomelea. Swichi za zamani za kuwasha na kugeuza zisikae kati ya invata na mota: kukata mzunguko hapo wakati mota ina mzigo kunaua invata. Ziunganishe kwenye viunganishi vya amri vya invata yenyewe. Na usitegemee kupunguza hertsi ili upate spidi ya chini. Chini ya hertsi 20 mota inapoteza upepo wake wa kujipoza na nguvu yake inashuka. Spidi ya chini ipatikane kwa gia za mashine, invata isaidie kurekebisha kidogo tu.

Ukaguzi kwa muuzaji

Beba vitu hivi: saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku na alama za milimita 0.01, maikromita ya 25 hadi 50, venia kalipa, tochi, kitambaa safi, ubao mgumu wa nusu mita, na kipande cha chuma laini cha kipenyo cha 40 na urefu wa 250. Nenda na kisu chako kilichonolewa. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaiona ikizunguka na kukata. Anayekataa kuiwasha anakupa jibu tayari.

Rangi mpya isikuvutie. Angalia rangi iliyopigwa juu ya mafuta na juu ya vibati. Iliyopakwa hivyo imepakwa kwa ajili ya kuuzwa.

Anza na reli. Futa sehemu ya karibu na chaki, mahali toroli linaposhinda siku nzima, na pitisha ukucha kutoka sehemu isiyoguswa ya reli kwenda sehemu inayotumika. Ukihisi ngazi, reli imelika. Kisha sogeza toroli hadi karibu na chaki, kaza bolti yake ya kufungia kidogo hadi lianze kuwa zito, halafu lizungushe kwenda kwenye mkia. Likipita kwa uzito uleule, reli ni nzuri. Likianza kukwama katikati na kugoma kabisa huko mwisho, maana yake karibu na chaki pamelika na huko mwisho bado ni pazima. Kulika kidogo kunavumilika kwa bushi na pini fupi. Kulika kwa kukwama kabisa ni kazi ya kiwanda kusaga reli upya, na bei yake mara nyingi hupita bei ya mashine.

Kisha spindo. Usipime mzunguko kwenye kitu kilichoshikwa na chaki ya taya tatu, kwa sababu chaki yenyewe huyumba 0.05 hadi 0.1 hata ikiwa nzuri. Toa chaki, futa pua ya spindo na tundu lake la kuchongoka, weka ncha ya saa ndani ya tundu hilo na uzungushe kwa mkono. Sindano ikicheza 0.01 au pungufu, ni spindo nzuri. Hadi 0.02 au 0.03 ni ya kazi za kawaida. Rudisha chaki, shika chuma chako, weka saa kwenye pua ya spindo, halafu inua chaki kwa ubao kwa nguvu ya wastani. Kwa beringi za rola sindano isizidi 0.01 au karibu na hapo. Mashine za mikanda za India na za zamani nyingine zina bushi za bronzi, na hizo 0.03 si msiba, kwa sababu kofia zake hukazwa kwa kupunguza vibati vya kati. Waombe waiache izunguke dakika 15 hadi 20 kwa spidi ya karibu na ya juu. Weka kiganja juu ya beringi za mbele: joto la kuvumilika ni sawa, ukilazimika kuondoa mkono mara moja si sawa.

Pitia kila gia moja moja. Mngurumo ulio sawasawa ni wa kawaida kwa gia zilizokaa muda mrefu. Mgongano unaojirudia kila mzunguko, tak, tak, tak, ni jino lililovunjika au lililochomelewa. Kuna mashine zinazofichwa gia moja kwa kuambiwa "hiyo huwa hatuitumii." Itumie.

Sasa vishikio. Geuza mpini wa slaidi ya kukatiza upande mmoja hadi isogee, kisha rudisha polepole ukihesabu plei (ulegevu) kwenye alama. 0.2 hadi 0.3 haina shida, fundi yeyote anaizoea. Robo mzunguko na zaidi ni nati iliyoisha, na nati ya bronzi inaweza kukerezwa upya hapo hapo karakanani. Ni kasoro ya kupunguza bei, si ya kuacha mashine. Skrubu ndefu ilinganishe kwa macho: meno ya karibu na chaki dhidi ya meno ya mwisho kabisa wa kulia. Yakiwa makali kama ya msumeno upande wa chaki na mapana upande wa pili, hesi zako zitakuwa na makosa ya nafasi. Jaribu kwa kukwaruza hesi ya milimita 1 kwenye urefu wa 50 na upime nafasi zake.

Mkia mara nyingi hushuka kwa sababu chini yake panalika. Sogeza ncha yake ikutane na senta ya chaki, angalia kwa tochi kutoka upande na kutoka juu. Kushuka hurekebishwa kwa kuweka bati jembamba. Kisichorekebishika kirahisi ni tundu lake lililokwaruzwa na biti zilizozunguka ndani yake, ingawa mikwaruzo midogo hupunguzwa kwa rima.

Jaribio la kukata ndilo linalotoa hukumu. Shika chuma chako cha 40 kwenye chaki kikining'inia milimita 130 hivi, bila mkia. Kereza katikati iwe nyembamba kidogo, ubaki na pete mbili, moja karibu na chaki na moja mwishoni, zenye umbali wa kama 100. Pitisha kisu kikali juu ya pete zote mbili kwa ukataji wa 0.1, kisha mara nyingine bila kuongeza. Pima zote kwa maikromita. Tofauti ya 0.02 au pungufu ni nzuri kwa mashine iliyotumika. Pete ya mwisho ikiwa kubwa, chuma kinasukumwa na kisu au mashine imesimama imejipinda. Kujipinda hurekebishwa kwa kuisawazisha. Pete ya karibu na chaki ikiwa kubwa na mashine imekaa sawa, rudi ukatazame ile reli.

Maliza kwa kukereza uso wa diski ya kama 150. Weka rula iliyonyooka. Uso uliozama kidogo katikati ni jinsi lethi inavyotengenezwa makusudi. Uso uliotuna katikati haukubaliki, kwa sababu kila flanji utakayotengeneza itabembea.

Vitu vinavyokuja nayo

Mashine bila vifaa vyake ni nusu ya mashine. Chaki ya taya nne ndiyo ya kwanza kuulizia, kwa sababu kazi za ukarabati mara nyingi si za mviringo na hazitoki katikati. Kisha taya za nje za chaki ya tatu, stedi, sahani bapa, ufunguo wa chaki, na gia zote za kubadilishia. Hesabu gia hizo. Katika mashine yenye skrubu ndefu ya inchi, tafuta gia ya meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4, na 127 ndiyo namba nzima ya kwanza inayobeba uhusiano huo, kwani 25.4 mara tano ni 127. Bila hiyo, hesi za milimita zinapatikana kwa kukaribia tu, na kwenye bolti ndefu nati itakwama. Kumbuka pia kwamba ukikata hesi za milimita kwenye skrubu ya inchi, nusu nati isifunguliwe hadi hesi iishe: unarudisha kwa kugeuza mota. Kwa sababu hiyo pua ya spindo ina uzito wake. Chaki iliyofungwa kwa hesi inaweza kujifungua na kuanguka ukigeuza mota kwa ghafla. Pua za kufungwa kwa kamu hazina hatari hiyo, na mimi ningelipa zaidi kwa ajili yake.

Stedi ikikosekana si mwisho, inaweza kutengenezwa kwa bati nene. Sanduku la gia lililovunjika kwa ndani, kwa mashine ambayo kiwanda chake kilifungwa, liepuke.

Kusafirisha na kuisimamisha

Mashine ya ukubwa huu huwa na nusu tani hadi tani mbili, na kichwa chake ni kizito mno kwa juu. Sogeza toroli na mkia kuelekea kulia ili kupunguza upande wa kichwa, uvifunge. Mikanda ya kuinulia ipite chini ya reli, isiguse skrubu ndefu wala fimbo zilizo chini yake: fimbo iliyopinda kwa siku ya kwanza ni maumivu ya miaka. Kwenye sakafu itembeze juu ya mabomba, watu wakiwa nyuma na pembeni, asiwepo mtu upande inakoweza kuangukia.

Sakafu iwe zege la milimita 150 hivi, lililokauka vizuri. Sawazisha kwa pimamaji ya mashine yenye usahihi wa 0.02 hadi 0.05 kwa mita. Ya fundi seremala ni ya kuanzia tu. Weka pimamaji kukatiza reli, upande wa kichwa kwanza, kisha upande wa mkia, na urekebishe bolti za miguu hadi usomaji uwe uleule pande zote mbili. Hata kama mashine nzima imelala kidogo upande mmoja haina neno, kinachokatazwa ni reli kujipinda. Rudia jaribio la pete mbili.

Mafuta: kichwani mafuta mepesi ya daraja la 32, kwenye reli mazito zaidi ya 68. Mafuta machafu ya injini yaliyomwagwa kutoka kwenye gari yasikaribie reli, yana vumbi la chuma. Ukimaliza ngoma za breki, futa reli yote kabla ya kupaka mafuta mapya, kwa sababu vumbi la chuma cha kusubu likichanganyika na mafuta linasaga reli taratibu. Tanga, Mombasa na Unguja hewa ya bahari inaleta kutu usiku mmoja. Funika kwa kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta kidogo. Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani.

Wakati wa kazi: hakuna glavu, hakuna mikono mirefu ya shati inayoning'inia, hakuna khanga wala skafu, na ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata kwa sekunde moja. Msasa usizungushiwe kazi kwa vidole. Uzi wa chuma unaotoka utolewe kwa ndoano, usitolewe kwa mkono.

Wiki tatu au nne baada ya kuisimamisha, pima tena usawa. Zege na bolti huwa zimekaa, na mara nyingi bolti moja au mbili zinahitaji robo mzunguko.